Kisima kipya, nywele kavu: shampuu ya kusafisha kwa kina inaondoa nini, na inaacha nini?

Kiangazi hiki meseji zinazoingia kwenye kipindi chetu cha asubuhi zina swali moja linalorudi kwa maneno tofauti. Tangu kijiji kipate kisima kirefu, nywele zimekuwa kavu, zinang'ang'ania chanuo na zinakatika. Mama mmoja anasema mafuta hayaingii tena, yanakaa juu juu. Dada mwingine anasema dawa ya kulainisha aliyoweka mwezi uliopita haikushika, anataka kuweka nyingine. Na wapo ambao wameshaamua: wamerudi kuchota lambo, kwa sababu maji ya lambo, wanasema, yanapatana na nywele.

Wakati huohuo, kwenye maduka ya vipodozi na hata minadani, zimeanza kuonekana chupa za shampuu ya kusafisha kwa kina. Muuzaji anakuambia inaondoa chumvi ya maji, mabaki ya dawa, jeli, mafuta ya mgando na kila kitu. Wasikilizaji wanatuuliza kama ni kweli au ni biashara tu.

Jibu letu kwa ufupi ni hili. Tatizo lipo, na wala si la kufikirika. Shampuu ya aina hiyo inaweza kusaidia, lakini si kila chupa yenye jina hilo inafanya kazi hiyo, na hata iliyo nzuri haina faida ya kudumu kama maji ya kusuuzia ni yaleyale. La tatu ndilo kubwa: asiyejua kinachokausha nywele zake anaweza kufanya moja ya makosa mawili. Anaweza kurudia dawa kali juu ya nywele ambazo tayari zina dawa, au anaweza kuacha maji salama na kurudi kwenye maji machafu. Yote mawili yanamgharimu kuliko nywele zenyewe.

Maji yamesogea karibu, lakini si yaleyale

Tangu mwaka 2019 huduma ya maji vijijini imekuwa chini ya RUWASA, yaani Wakala wa Maji na Usafi wa Mazingira Vijijini. Kwa mikoa yetu ya kati, mradi wa maji mara nyingi maana yake ni kisima kirefu, pampu, tangi na vilula. Hata jiji la Dodoma kwa miaka mingi limetegemea visima vya bonde la Makutupora. Huku kwetu mvua ni ya msimu mmoja, mito mingi ni makorongo yanayokauka, na maji ya uhakika yako chini ya ardhi.

Maji ya chini ya ardhi yana tabia yake. Mvua inapozama, inapita kwenye udongo na miamba kwa miaka mingi, na njiani inayeyusha madini. Mawili kati ya hayo, kalsiamu na magnesiamu, ndiyo yanayofanya maji yaitwe magumu. Ugumu hupimwa kwa miligramu katika lita moja. Chini ya 60 ni maji laini. Kuanzia 60 hadi 120 ni magumu kiasi, 120 hadi 180 ni magumu, na zaidi ya 180 ni magumu sana.

Ndiyo maana ndugu yako wa Shinyanga mjini, Kahama au Nzega anaweza kukusifia shampuu ambayo kwako haikufanya lolote. Kule bomba linaleta maji ya Ziwa Victoria, na hayo ni maji laini. Shampuu ni ileile, maji ni tofauti.

Hapa tutenganishe mambo ambayo sisi wote huyaita kwa jina moja, chumvi.

Kwanza kuna chumvi ya kuonja, ileile ya mboga. Maji yenye chumvi hiyo unayatambua mdomoni. Kwenye nywele yanakausha, lakini chumvi yenyewe huyeyuka na kuondoka ukisuuza kwa maji matamu. Haihitaji shampuu maalumu.

Pili kuna ugumu, yaani kalsiamu na magnesiamu. Maji magumu yanaweza kuwa matamu kabisa mdomoni. Unayajua kwa sabuni isiyotoa povu na kwa ukoko mweupe unaoganda ndani ya birika. Huu ndio unaoganda pia kwenye nywele.

Tatu kuna madini ya chuma. Maji hutoka bombani yakiwa meupe, yakikaa kwenye ndoo yanageuka rangi ya kutu. Yanatia madoa shuka na sare za shule, na nywele zikiyazoea huwa nzito, za kukwaruza, na pengine zinaelekea wekundu.

Jipimie mwenyewe kwa chupa mbili

Huhitaji maabara ili kujua kama maji yako ni magumu. Chukua chupa mbili za plastiki zinazofanana, safi, zenye uwazi. Moja tia maji ya mvua kiasi cha nusu. Nyingine tia maji ya kisima kiasi hichohicho. Kwangua sabuni ya mche, vipande vidogo vinavyolingana, tia kila upande. Usitumie sabuni ya unga, kwa sababu imetengenezwa kupambana na ugumu na itakudanganya. Funga, tikisa kwa nguvu mara 20, weka chini.

Chupa ya mvua itajaa povu na maji ya chini yatabaki karibu safi. Kama ya kisima ina povu kidogo linalozimika, na maji yamekuwa meupe kama yaliyotiwa maziwa, yakiwa na chembechembe zinazoelea, maji yako ni magumu. Zile chembe ni sabuni iliyoshikana na kalsiamu. Haziyeyuki tena. Zinanata.

Sasa fikiria chembe hizo kwenye kichwa chenye nywele nyingi zilizojikunja. Wengi wetu vijijini tunaosha nywele kwa sabuni ya mche. Kila tunapoosha kwa maji magumu, tunaacha utando. Kesho yake tunapaka mafuta ya mgando juu ya utando, vumbi linanasa, wiki inayofuata tunaosha tena kwa sabuni ileile. Baada ya miezi miwili mitatu nywele zinapoteza mng'ao, zinakuwa ngumu mkononi, na mafuta yanakaa juu kama maji juu ya jani la mgomba.

Je, maji magumu yanakata nywele? Wataalamu hawajakubaliana. Utafiti mmoja uliofanywa India na kuchapishwa mwaka 2013 ulichukua nywele za wanawake 15, ukalinganisha zilizooshwa kwa maji magumu na zilizooshwa kwa maji yaliyosafishwa madini. Haukuona tofauti ya maana katika nguvu za nywele. Mwingine wa Pakistan, mwaka 2018, ulitumia nywele za wanaume na ukaona maji magumu yanapunguza nguvu. Kwa hiyo mtu akikuapia kwamba kisima ndicho kinachokatisha nywele zako, anasema zaidi ya kinachojulikana. Lililo wazi ni kwamba utando unafanya nywele zikwaruzane na zifungane, na nywele zilizofungana hukatika wakati wa kuchana.

Kuna jingine lililo wazi: nywele zilizowekwa dawa au rangi hunasa madini zaidi kuliko nywele za asili, kwa sababu dawa imeshafungua ganda la nje la unywele. Hapo ndipo habari hii inapogeuka.

Kalsiamu ya pili iko ndani ya boksi la dawa

Dawa za kulainisha nywele zinazouzwa madukani zina familia kubwa mbili. Ya kwanza ni ile ya kopo moja, inayopakwa kama ilivyo, ambayo nguvu yake inatoka kwenye magadi makali yaitwayo sodiamu haidroksaidi. Saluni nyingi hutumia hiyo. Ya pili ni ile ya boksi, ambayo ndani yake kuna krimu na kichupa cha maji, unavichanganya ndipo unapaka. Juu ya boksi huandikwa "No Lye". Wengi huielewa kuwa dawa isiyo kali, na ndiyo inayowekwa zaidi nyumbani, dada kwa dada, kibarazani.

Krimu ile ina kalsiamu haidroksaidi. Ukichanganya na maji ya kichupa, vinazaa dawa inayonyoosha nywele, na papo hapo vinazaa kitu kingine: kalsiamu kaboneti. Hiyo kwa lugha ya nyumbani ni chokaa, jamaa wa ule ukoko wa kwenye birika. Sehemu yake hubaki kwenye nywele. Ndiyo sababu dawa za familia hii zina sifa ya kuacha nywele zikiwa kavu na zilizofifia, ingawa kwenye ngozi ya kichwa watu wengi huziona afadhali.

Sasa unganisha. Dada ameweka dawa ya boksi, imeacha chokaa. Amesuuza kwa maji ya kisima, yameongeza kalsiamu. Wiki zinazofuata anaosha kwa sabuni ya mche, anaongeza utando. Baada ya mwezi nywele ni ngumu na hazilali. Anasema dawa haikushika. Ananunua boksi lingine, au anakwenda saluni kuomba dawa kali zaidi, ipakwe kuanzia kwenye shina hadi ncha.

Dawa ilikuwa imeshika. Nywele zilizonyooshwa hazirudi kuwa za asili, kinachoonekana ni uchafu juu yake. Ukipaka dawa tena kwenye sehemu iliyokwisha kupata dawa, unaivunja. Nywele zinakatikia katikati, ngozi inaungua, vidonda vinatoka. Kisha lawama zinamwendea msusi, au shangazi anaambiwa mkono wake si mzuri, na wapo wanaokwenda mbali zaidi wakasema ni mkono wa mtu.

Kuna sababu nyingine ya kutorudia dawa ovyo. Mwaka 2022 Taasisi za Taifa za Afya za Marekani zilitoa matokeo ya kufuatilia wanawake 33,497 kwa karibu miaka 11. Kwa wale ambao hawakuwahi kutumia dawa za kunyoosha nywele, makadirio yalikuwa kwamba asilimia 1.64 wangepata saratani ya mfuko wa uzazi hadi kufikia umri wa miaka 70. Kwa waliozitumia mara kwa mara, yaani zaidi ya mara 4 katika mwaka mmoja, ilikuwa asilimia 4.05. Tuseme sawasawa: utafiti huo unaonyesha uhusiano, haukuthibitisha kwamba dawa ndiyo iliyosababisha, na bado wengi wa waliotumia hawakuugua. Lakini unatosha kumfanya mtu ajiulize mara mbili kabla ya kuongeza dawa ambayo nywele zake hazikuihitaji.

Kwa hiyo kabla hujasema dawa haikushika, safisha kwanza, kisha utazame.

Jina moja, shampuu mbili

Shampuu ya kusafisha kwa kina inayouzwa madukani ni ya aina mbili, na wauzaji wengi hawazitofautishi.

Aina ya kwanza ni yenye povu kali. Kwenye chupa mara nyingi utasoma "clarifying". Kazi yake ni kuondoa mafuta yaliyoganda, jeli, dawa za kupuliza na nta. Kwa aliyeshinda na rasta miezi miwili akipaka jeli na mafuta, inafaa. Lakini kalsiamu haiondoki kwa povu peke yake. Ingekuwa inaondoka kwa povu, ukoko wa birika ungetoka kwa sabuni.

Aina ya pili ina kiambato kinachoyakamata madini, kikayabandua kwenye unywele na kuondoka nayo kwenye maji ya kusuuza. Kwenye chupa huandikwa "chelating", au huelezwa kuwa ni ya maji magumu, au ya waogeleaji. Nyuma, kwenye orodha ya viambato, tafuta herufi nne hizi: EDTA. Angalia pia ziko wapi. Shampuu nyingi za kawaida zina EDTA kidogo sana, mwishoni kabisa mwa orodha, kwa ajili ya kuilinda shampuu yenyewe isiharibike. Ikiwa iko juu zaidi kwenye orodha, imewekwa kwa ajili ya nywele zako.

Ipo na ya tatu ambayo wasikilizaji huichanganya na hizi mbili, nayo ni shampuu ya kuzima dawa, inayokuja ndani ya boksi la dawa au kutumika saluni mara baada ya dawa kuoshwa. Ile hairukwi. Kazi yake ni kuzima ukali uliobaki ili dawa isiendelee kula nywele. Shampuu ya kusafisha kwa kina haichukui nafasi yake, na wala haiwezi kuondoa dawa iliyokwisha kunyoosha nywele. Muuzaji akikwambia ukitumia hii nywele zitarudi za asili, mshukuru uende zako. Nywele za asili zitatoka shinani kwa kukua.

Kuhusu shampuu ya kupimiwa kutoka kwenye dumu, isiyo na lebo: hatusemi yote ni mbaya, tunasema huna pa kusoma. Tangu mwaka 2019 usimamizi wa vipodozi Tanzania umekuwa chini ya Shirika la Viwango Tanzania, TBS, baada ya kazi hiyo kuhamishwa kutoka iliyokuwa Mamlaka ya Chakula na Dawa. Bidhaa inayouzwa kihalali inapaswa kuonyesha imetengenezwa na nani, viambato vyake na mwisho wa matumizi. Dumu halionyeshi.

Ukiipata, itumie hivi

Fumua nywele zote, zichane taratibu kwa vidole kwanza, kisha chanuo pana, ukianzia kwenye ncha. Ziloweshe vizuri. Tia shampuu kwenye kiganja, sugua ngozi ya kichwa kwa ncha za vidole bila kucha, kisha teremsha povu hadi mwisho wa nywele. Aina ya pili inahitaji muda wa kukamata madini, kwa hiyo fuata dakika zilizoandikwa kwenye chupa. Nyingi husema 3 hadi 5. Suuza. Kama nywele zilikuwa zimechoka sana, rudia mara moja.

Baada ya hapo nywele zitakuwa safi, lakini zitakuwa wazi na zenye kiu. Usiziache hivyo. Paka kondishena, iache, kisha suuza kwa maji laini uliyoyaweka akiba. Ndipo upake mafuta, kidogo tu. Utashangaa yanavyoingia.

Mara ngapi? Kwa wengi, mara moja kwa mwezi inatosha, au unapofumua rasta. Anayeitumia kila wiki anakausha nywele zake kwa mkono wake. Siku nyingine tumia shampuu ya kawaida badala ya sabuni ya mche, maana shampuu haifanyi ule utando wa kunata.

Usiitumie juu ya kidonda au ngozi iliyoungua. Usioshe kwa shampuu siku chache kabla ya kuweka dawa ya kunyoosha, maana ngozi iliyosuguliwa huungua upesi. Zenye rangi ya kupaka zitapauka. Watoto na walionyoa fupi hawaihitaji kabisa.

Kwa asiye na pesa ya chupa

Tunajua wapo wanaosoma hapa wakisema hiyo chupa ni pesa ya daftari za watoto. Basi lenye faida kubwa halinunuliwi: ni maji ya kusuuzia mara ya mwisho. Yale yatakayokaukia kichwani ndiyo yatakayoacha madini. Unaweza kuoshea kisima, ukasuuzia mvua, ukapata nafuu kubwa.

Mvua ya milimita 10 ikinyesha juu ya paa la bati lenye mita za mraba 30 inashusha lita 300. Toa zinazomwagika na zile za mwanzo zinazoosha vumbi la bati, bado utabaki na madumu 10 ya lita 20. Kusuuza kichwa kimoja kunataka lita 3 hadi 5. Dumu moja lililofungwa vizuri na kuwekwa kivulini linaweza kuhudumia vichwa vinne. Msimu wa mvua ukianza, tenga madumu mawili ya nywele na yaandike.

Mvua ikiwa mbali, chemsha maji ya kisima, yaache yapoe na yatulie, kisha mimina ya juu ukiacha ukoko chini. Sehemu ya ugumu huondoka hivyo, ingawa si wote, na kuni ni gharama. Ukiwa unachemsha maji ya kunywa hata hivyo, bakiza lita chache. Kwa maji ya kutu, yaache kwenye ndoo pana usiku kucha, kutu itulie chini, kisha chota ya juu.

Siki nayo husaidia kidogo, kwa sababu uchachu huyeyusha chokaa. Vijiko viwili vikubwa ndani ya nusu lita ya maji, mimina kwenye nywele zilizokwisha kuoshwa, kaa dakika mbili, suuza. Linda macho, na usipake penye mchubuko. Ndimu hatuipendekezi kwa anayekwenda shamba, kwani juisi yake ikibaki kwenye ngozi na jua likaipata inaweza kuunguza na kuacha madoa. Magadi na maji ya majivu ambayo bibi zetu walitumia kulainisha maji ya kufulia yaachwe kwenye nguo. Kwenye nywele ni makali mno.

Si kila ukavu ni wa maji

Mabaka ya mviringo yasiyo na nywele, yenye magamba, hasa kwa watoto, huenda yakawa mapunye. Huo ni ugonjwa wa fangasi, unaambukiza, na dawa yake mara nyingi ni ya kumeza. Mpeleke mtoto zahanati. Nywele za mbele na pembeni zikirudi nyuma, angalia misuko inayovutwa sana kabla ya kulaumu kisima. Nywele zikitoka kwa wingi baada ya kujifungua au baada ya homa kali, chanzo chaweza kuwa ndani ya mwili. Hakuna shampuu ya kina inayotibu hayo.

Usirudi lambo

Tumalizie pale tulipoanza, kwa wale waliorudi kuchota lambo. Ni kweli maji ya lambo yanaweza kuwa laini kuliko ya kisima, maana ni maji ya mvua yasiyokaa na miamba. Povu linatoka na nywele zinalala. Lakini lambo linashirikiwa na ng'ombe, mbuzi na miguu ya watoto. Kuna kichocho, na ndoo iliyoletwa kwa ajili ya nywele haichelewi kutumika kuoshea vyombo au kumnywesha mgeni. Ugumu wa maji wenyewe si sumu. Shirika la Afya Duniani halijaweka kikomo cha ugumu kwa sababu za kiafya. Kisima chako kinaweza kuwa kibaya kwa sabuni na bado kikawa kizuri kwa tumbo la mtoto.

Lakini kisikubaliwe kwa upofu pia. Madini ya kuogopwa kwenye visima vya mikoa kama Singida, Shinyanga, Manyara, Arusha na Kilimanjaro ni floraidi, inayotia meno rangi ya kahawia na, ikizidi kwa miaka, kuharibu mifupa. Shirika la Afya Duniani linapendekeza isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Floraidi haina ladha, haionekani kwenye povu, na kuchemsha hakuiondoi. Hukamatwa kwa kipimo tu.

Kwa hiyo mkutano wa kijiji ukiitishwa na ajenda ya maji ikafika, msiishie kwenye bei ya ndoo. Mwulizeni mwenyekiti wa chombo cha watumia maji: kisima chetu kilipimwa lini, na majibu yako wapi? Wizara ya Maji ina maabara za ubora wa maji, na meneja wa RUWASA wa wilaya ndiye wa kuulizwa. Ombeni majibu yasomwe mbele ya watu: ugumu, chuma, chumvi, floraidi. Mwenye kujua namba hizo atajua kama anunue chupa ya shampuu, atege dumu chini ya bati, au adai chanzo kingine cha maji ya kunywa.

Wewe uliyetuandikia kwamba dawa haikushika, fanya jaribio la chupa mbili leo jioni. Kisha osha, suuza kwa maji laini, ukae wiki moja kabla ya kununua boksi jingine. Ukiona tofauti, tupigie kipindini uwaeleze wenzako. Na usipoiona, tupigie vilevile.